Msiri wa Bunkeya na mizizi ya Bayeke

Kila tarehe 20 Desemba Bayeke hukusanyika Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba, lililokuwa sehemu ya Katanga nchini Kongo, kumkumbuka Mwami Msiri aliyepigwa risasi siku hiyo mwaka 1891. Bunkeya iko mashariki ya Kolwezi, na siku nyingi za mwaka ni makazi ya wakulima tu. Siku ya kumbukumbu wana ukoo waliotawanyika Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hurudi. Wanayemkumbuka alikuwa mfalme, lakini wengi wao humtaja kama babu, na kumkumbuka kwao ni kuitaja nasaba yake. Nasaba hiyo haianzii Katanga. Inaanzia Usumbwa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa mfanyabiashara aliyefuata shaba, akapata marafiki ugenini, na marafiki hao wakawa ndugu zake kwa kuchanjiana damu. Historia ya Bayeke, kwa sehemu kubwa, ni historia ya undugu huo na ya matumizi yake, mema na mabaya.

Shaba ilikuwa mali ya nchi hii karne nyingi kabla ya mgeni huyo. Katika bonde la Upemba, ambako mto Lualaba hutawanyika kuwa maziwa na vinamasi, wanaakiolojia walioanza kuchimba makaburi ya Sanga mwaka 1957 walikuta wafu wamezikwa na vyungu, mapambo na misalaba ya shaba. Misalaba hiyo haikuhusu dini. Ilikuwa vipande vilivyomiminwa katika kalibu na kupewa mikono minne. Ya zamani ilikuwa mikubwa na adimu. Kuanzia karne ya 14 hivi iliendelea kuwa midogo, mingi na ya vipimo vinavyolingana, hata wataalamu wakaamua kwamba ilikuwa imekwisha kuwa fedha. Upemba haina shaba. Ilitoka kusini, katika ukanda unaopita Kolwezi, Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi na kuvuka kuingia Zambia. Marehemu wa zama zile alizikwa na mali iliyotoka kwa watu wengine, na huo ni ushahidi wa kale kabisa kwamba katika nchi hii msiba na biashara vilikwenda pamoja.

Mafundi wa kuyeyusha shaba walikuwa hasa Basanga na jirani zao. Kazi ilifuata majira. Mtama ukishavunwa, mnamo Mei, chifu alitangaza msimu na vijiji vikahamia machimboni. Wanawake na watoto waliokota malakiti, jiwe la kijani, juu ya ardhi. Wanaume waliingia mashimoni, wakakata miti na kuchoma makaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto kuliko udongo wa kawaida, likajazwa makaa na mawe kwa zamu, kisha mivukuto ikaanza. Fundi mkuu alikuwa na dawa zake na miiko yake: siku za kazi alijitenga na mkewe, na ujuzi alimwachia mwana au mpwa, si mpita njia. Shaba ilichuruzika chini ya tanuri, ikayeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu ya msalaba. Mvua zikikaribia, kazi ilisimama watu wakarudi mashambani. Wenyewe waliiita kazi hiyo kula shaba, na jina la walaji wa shaba likawafuata hadi katika vitabu vya wamisionari.

Sifa za shaba hii zilifika Unyamwezi mapema. Wanyamwezi na jamaa zao Wasumbwa walikuwa wakitembea kati ya pwani na bara kabla misafara ya Waarabu haijazoea njia hizo, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 walikuwa wakienda kwa Mwata Kazembe kwenye Luapula, na kupita huko hadi Katanga. Miongoni mwao alikuwamo Kalasa, Msumbwa, aliyekuja kununua shaba na pembe za ndovu. Jina la Bayeke lilitoka hukohuko, kwenye chama cha wawindaji wa tembo cha Unyamwezi.

Msafiri wa namna ya Kalasa alikuwa miezi kadhaa mbali na kwao, amebeba mali ya kutosha kuuawa kwa ajili yake. Hakuwa na askari wengi wala hakimu wa kumshtakia mwizi. Alihitaji mwenyeji katika kila nchi, na mwenyeji wa kuaminika hupatikana kwa undugu. Kwa kuwa undugu wa kuzaliwa haukuwapo, ulitengenezwa. Kwa desturi iliyoenea toka Unyamwezi hadi Katanga, wawili walikaa wakitazamana, wakachanjwa chale kifuani au mkononi, damu ikapakwa kwenye kipande cha nyama au ini, kila mmoja akala cha mwenzake. Msimamizi alisimama juu yao akisoma laana: atakayemnyima mwenzake chakula, atakayemficha hatari, atakayemdai mtoto wake kwa deni, damu hii na imuue. Tangu hapo mke wa huyu alikuwa shemeji wa yule, na watoto wao hawakuoana. Masimulizi ya Bayeke yanamtaja Kalasa kuwa ndugu wa chale wa machifu wa nchi ya shaba, akiwamo Katanga mwenyewe, chifu ambaye jina lake Wazungu walilipa jimbo zima.

Mtoto wa Kalasa aliitwa Ngelengwa, na pia Mwenda. Inakadiriwa alizaliwa mnamo 1830. Alikuja na misafara ya baba yake, na mnamo 1856 akaja kukaa. Aliyoyakuta ni marafiki wa baba, na hapa ndipo undugu wa chale ulipofanya kazi ambayo pengine waliokula kiapo hawakuitazamia, kwa sababu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, anastahili ardhi na anaweza kudai urithi. Chifu Pande wa Basanga alikuwa akisumbuliwa na mashambulizi ya Baluba. Ngelengwa alikuwa na magobori. Hayakuwa mengi, lakini adui hakuwa nayo kabisa, na vita vikaisha kwa ushindi. Baada ya hapo mgeni akawa mtu ambaye machifu hawakuweza tena kumpa amri.

Alama ya utawala aliyoivaa ilikuwa omande, kisahani kilichokatwa kwenye kombe la bahari ya Hindi. Bayeke husimulia kwamba Pande alipozeeka alimkabidhi kijana wa Kisumbwa ishara ya ukuu wake kwa hiari, kama baba kwa mwana. Ni simulizi linalomfaa aliyeipokea. Basanga, ambao kiti kilikuwa chao, hawana sababu ya kulisimulia vivyo hivyo, na tofauti hiyo haijakwisha mpaka leo. Kisichobishaniwa ni kwamba katika miaka ya 1860 na 1870 Ngelengwa, sasa akijulikana kama Msiri, aliacha kulipa ushuru kwa Mwata Kazembe, akayatiisha maeneo kati ya Lualaba na Luapula, akajiita Mwami kwa desturi ya kwao. Ufalme wake uliitwa Garanganza, jina la watu wa Unyamwezi. David Livingstone, alipokuwa kwa Kazembe miaka ya 1867 na 1868, alisikia habari za Wagaranganza hao wa Katanga, na akakutana na misafara ya pwani ikirudi na pembe pamoja na mikuo mizito ya shaba yenye umbo la herufi I.

Dola hii iliendeshwa kwa bunduki na kwa ndoa, na pengine ndoa zilifanya kazi kubwa zaidi. Wake wa Msiri wanatajwa kuwa zaidi ya 500. Hesabu hiyo ni ya wageni walioandika, na walipenda kuhesabu wake wa wafalme wa Kiafrika, lakini mpango wenyewe unaeleweka. Kila chifu aliyenyenyekea alitoa binti. Binti huyo alikuja Bunkeya kama mke, mateka na balozi kwa pamoja, na wake wakuu walipewa vijiji vya kusimamia na mashauri ya kusikiliza. Mwanamume wa Kiyeke aliyetumwa kukusanya ushuru mbali naye alioa huko. Waliotoka Usumbwa walikuwa wachache, tena wengi wao wanaume. Ndani ya kizazi kimoja ukawapo ukoo ambao kuumeni ni Usumbwa na kukeni ni Sanga, Lamba, Luba, Lunda na wengineo. Mtoto alilelewa na mama, akaanza kusema kwa lugha ya mama, ila jina na sifa alizichukua kwa baba.

Mnamo 1880 Msiri aliweka makao makuu Bunkeya. Ulikuwa mji mpana wa vijiji vilivyotengana, kila kijiji na mke wake mkuu au ndugu yake, katika uwanda uliozungukwa na vilima. Kwa biashara palikuwa mahali pa kipekee: njia ya mashariki ilikwenda Tabora na Zanzibar, njia ya magharibi ikapita Bihe hadi Benguela kwenye bahari ya Atlantiki, nayo ilitumiwa na wafanyabiashara wa Kiovimbundu kutoka Angola. Miongoni mwa wake wa Msiri mashuhuri zaidi alikuwa Maria de Fonseca, mwanamke mwenye asili ya Kireno aliyekuja kwa njia hiyo. Ndoa yake iliiunganisha Bunkeya na wauza baruti wa magharibi, sawasawa na chale za Kalasa zilivyoiunganisha Usumbwa na shaba. Bayeke nao walileta ufundi wa kuvuta shaba kuwa waya mwembamba wa bangili na vikuku, bidhaa iliyopendwa kotekote. Chumvi ya Mwashya na pembe za ndovu zilipita hapo. Watumwa pia walipita, na kwa wingi. Baruti ilinunuliwa kwa watu, watu walipatikana kwa vita, na vita vilihitaji baruti. Masimulizi ya ukoo hayalikazii sana jambo hili, ilhali ndilo lililowafanya jirani wamwogope Mwami kuliko kumpenda.

Mzungu wa kwanza kuishi Bunkeya kwa muda mrefu alikuwa mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Februari 1886. Kabla yake walipita Wajerumani Böhm na Reichard, kisha Wareno Capello na Ivens. Arnot alipewa mahali pa kujenga, akaruhusiwa kufundisha, akasikilizwa, ingawa hakuongoa wengi. Msiri alimtendea kama alivyomtendea kila mgeni wa maana, yaani kama mtu aliyeletwa na njia fulani na anayeweza kufaa siku moja. Arnot na waliomfuata ndio walioandika habari za mafuvu ya vichwa yaliyotundikwa kwenye miti kuzunguka makao ya Mwami. Habari hizo zilisomwa sana Ulaya, na zilikuja kuwafaa waliotaka nchi.

Nchi ilitakiwa na wawili. Kampuni ya Cecil Rhodes ilimtuma Alfred Sharpe, aliyefika Novemba 1890 na kurudi bila mkataba. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru ya Kongo, alituma misafara mitatu mfululizo: Paul Le Marinel Aprili 1891, Alexandre Delcommune Oktoba, na wa tatu ukaongozwa na William Stairs, ofisa mzaliwa wa Halifax, Kanada, aliyeondoka pwani na wapagazi na askari kutoka Zanzibar na kufika Bunkeya tarehe 14 Desemba. Walikuta mji dhaifu. Basanga walikuwa wameasi baada ya mwanamke wao kuuawa na Msiri kukataa kumtoa muuaji. Mashamba yalikuwa yameachwa na njaa ilikuwa kali. Ndugu wa chale wa baba yake walikuwa wamemgeuka, au, kwa namna wao walivyoona, yeye ndiye aliyewageuka kwanza.

Stairs alitaka bendera ya Leopold ipandishwe. Msiri alikataa. Tarehe 19 bendera ilisimikwa kilimani bila ruhusa yake, na usiku ule Mwami akahamia kijiji cha Munema. Kesho yake Kapteni Omer Bodson na Marquis de Bonchamps walitumwa kumleta. Bodson aliingia ndani na askari wachache, akamkuta Msiri amekaa na watu wake wenye bunduki. Maneno yakawa makali, Msiri akainuka na kushika upanga, Bodson akamfyatulia bastola. Mara hiyo hiyo Masuka, mmoja wa watu wa Mwami, akampiga Bodson tumboni, naye akafa jioni ile. Mwili wa Msiri ulibebwa hadi kambini kwa Stairs, kichwa kikakatwa na kutundikwa juu ya mti, tendo lilelile ambalo wageni walikuwa wamelitaja kuwa dalili ya ushenzi wake. Kiwiliwili walirudishiwa Bayeke wakazike. Kuhusu kichwa, simulizi lililoenea ni kwamba Wazungu walikichukua katika debe la mafuta ya taa na kila aliyekibeba alikufa. Stairs mwenyewe alifariki kwa homa Juni 1892 huko Chinde, Msumbiji, kabla hajapanda meli ya kurudi, na kwa wasimuliaji huo ni ushahidi wa kutosha.

Aliyekalishwa kitini ni mwana wa marehemu, Mukanda Bantu. Stairs alimwachia Bunkeya na eneo dogo la jirani, na machifu wa Kisanga wakarudishiwa nchi zao. Hali yake ilikuwa ngumu kuliko ya mwana yeyote wa mfalme. Waliomuua baba yake ndio waliomsimika, na wasingekuwapo wao Basanga wangewamaliza Bayeke waliobaki. Aliamua kushirikiana nao. Aliihama Bunkeya, akajenga Lutipisha karibu na mto Lufira, jirani na kituo cha Dola Huru, na kwa miaka karibu kumi watu wake walipigana bega kwa bega na askari wa Leopold dhidi ya waasi wa Kisanga, akiwamo Mulowanyama, aliyejichimbia pangoni na jamaa zake hadi mwisho. Wako waliomlaumu Mukanda Bantu. Lakini kabla ya kufa mwaka 1910 alifanya jambo lililookoa kumbukumbu ya baba yake: alieleza habari za Kalasa, za Msiri na zake mwenyewe kwa lugha ya Kiyeke, zikaandikwa. Bila maelezo hayo, karibu yote yanayojulikana juu ya Msiri yangekuwa yametoka kwa watu waliokuja kumnyang'anya nchi.

Wakati huo huo shaba iliponyoka mikononi mwa wote. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kiwanda lilitoa shaba ya kwanza. Tanuri za udongo wa kichuguu zilizimwa, nyingine kwa amri, nyingine kwa kukosa mnunuzi. Katika miaka ya 1920 Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa wamisionari wa Kibenedikti Katanga, aliwaomba wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo waonyeshe tena ilivyofanyika, huko Dikuluwe, karibu na mahali ambapo baadaye palijengwa Kolwezi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1926, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya miiko na hatua za kazi hiyo hutoka hapo. Dikuluwe yenyewe iliendelea kuchimbwa. Ni mmojawapo wa migodi iliyotolewa kwa Sicomines, ubia wa Kongo na makampuni ya China uliotokana na mkataba wa mwaka 2008.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Reli ya kwenda Lobito kupitia Dilolo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1931, kwa hiyo njia ya zamani ya Bihe na Benguela ilirudi, safari hii kwa mvuke. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeacha kuajiri vijana wa miezi sita na kuanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, wengi wao Baluba kutoka Kasai, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Watoto walizaliwa Kolwezi, wakasoma Kolwezi, wakazika wazazi wao Kolwezi. Mtu akifa, kilio kiliwekwa kwake, jamaa wakalala hapo siku kadhaa, na ambaye jamaa zake walikuwa mbali alililiwa na majirani wa safu ya nyumba na wenzake wa zamu mgodini. Marafiki walikuwa ndugu tena, bila chale.

Swali la nani ni mwenyeji lilikuja kuwa siasa mwaka 1957, uchaguzi wa kwanza wa miji ulipowapa umeya wa Elisabethville watu wenye asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha CONAKAT, kilichodai Katanga ni ya Wakatanga, na kiongozi wake wa mwanzo alikuwa Godefroid Munongo, mwana wa ukoo wa Msiri, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1925. Kwa mtu anayeijua nasaba ya Kalasa jambo hili linashangaza: mzao wa mgeni wa Kisumbwa aliwaambia Baluba wa Kasai kwamba wao ni wageni. Munongo hakuona kinyume chochote. Kwake, miaka mia ya ndoa, vita na makaburi ilitosha, na babu yake alikuwa amekufa akiitetea nchi hii. Hoja ya kaburi ina nguvu. Tatizo ni kwamba Mkasai aliyezika baba yake Kolwezi angeweza kuitoa vilevile.

Uongozi wa chama ulichukuliwa na Moïse Tshombe, Mlunda aliyeoa binti wa Mwant Yav, mfalme wa Balunda wa Musumba. Katanga ilipojitenga Julai 1960, Tshombe alikuwa rais na Munongo waziri wa mambo ya ndani; bendera yao ilibeba misalaba mitatu ya shaba, ile ile ya makaburi ya Upemba. Munongo alikuwa miongoni mwa mawaziri waliokuwapo Patrice Lumumba na wenzake wawili walipopigwa risasi nje ya Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Kujitenga kulikwisha mwaka 1963. Kwa hiyo jina la ukoo wa Bunkeya linakumbukwa kwa namna mbili nchini Kongo: kwa wengine ni la mfalme aliyewakatalia Wabelgiji, kwa wengine ni la waziri aliyeshirikiana nao kumwua Lumumba.

Ndugu wa Godefroid, Antoine Mwenda Munongo, aliyekuwa Mwami, alishika njia nyingine. Aliwasikiliza wazee, akakusanya nyimbo na nasaba, akazihifadhi habari za Mukanda Bantu, na mwaka 1967 ikachapishwa Lubumbashi kazi yake *Pages d'histoire yeke*. Katika familia moja mmoja alilitumia jina la babu kwenye siasa na mwingine kwenye maandishi. Kazi ya huyu wa pili ndiyo inayosomwa hadi leo. Godefroid alimrithi kitini mwaka 1976. Tarehe 28 Mei 1992 alifariki ghafla mjini Kinshasa, siku aliyotarajiwa kuzungumza mbele ya Kongamano Kuu la Taifa, ambako watu walingoja aseme anachokijua juu ya kifo cha Lumumba. Hakusema. Mwaka 1997 kiti kilichukuliwa na mwanawe, Mwenda Bantu.

Miezi michache baada ya kifo hicho maneno ya CONAKAT yalirudi Katanga yakiwa na marungu. Kati ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu, wengi wakikaa majuma vituoni wakingoja treni, na wengi wakifia hapo au njiani. Baadhi yao walikuwa wazaliwa wa kizazi cha tatu. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa taabani tayari: mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka Septemba 1990, na kuondoka kwa mafundi kuliimaliza. Uchumi wa Kolwezi ulifufuliwa baadaye na bei ya shaba na hasa ya kobalti, makampuni ya kigeni yakaja, na wachimbaji wadogo wakaja kutoka kila upande, wakiwamo Wakasai tena. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa; Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, na Bunkeya ikaangukia ndani yake.

Upande wa pili wa nasaba, Wasumbwa wanaishi Bukombe, Mbogwe na Kahama, nao wanalima, wanafanya biashara na kuchimba dhahabu. Mawasiliano ya ukoo kati ya pande hizo mbili yalikatwa kwa kiasi kikubwa na mipaka ya kikoloni: Mjerumani huku, Mbelgiji kule. Kiyeke, kilichotokana na lugha ya Wasumbwa, hakisemwi tena majumbani kama zamani. Watu wa Bunkeya huzungumza Kisanga, lugha ya mama zao wa kwanza na ya adui wa 1891, na mjini huzungumza Kiswahili. Kiyeke kimebaki katika nyimbo, katika majina ya sifa na katika mambo ya kiti cha Mwami, ambako wazee wachache hukishikilia. Kijana wa Kolwezi anayetaka kujua Kalasa alikuwa nani na alichanjiana na nani, mara nyingi hulazimika kuanza na kitabu cha Antoine Munongo, kwa Kifaransa.